Tutengenezeeni monita ya 'mulika mwizi'

Ukiingia duka la kompyuta pale Moi Avenue ama Luthuli kutafuta monita, swali la kwanza utakaloulizwa ni inchi ngapi. La pili ni bajeti. Baada ya hapo utaonyeshwa skrini iliyopinda kama ndizi, nyingine inayowaka taa za rangi kwa nyuma, na nyingine ambayo karatasi ya pembeni inasema inabadilisha picha mara 240 kwa sekunde. Ni nadra muuzaji aigeuze akuonyeshe mgongo wake. Na huko mgongoni, kwenye zile tundu za kuchomeka waya, ndiko kazi yako ya miaka mitano ijayo ilikolala.

Wacha niseme mapema ninachotetea. Monita ya kesho tusiipime kwa inchi na pikseli pekee. Tuipime kwa inachoweza kuunganishwa nacho, na kwa itakavyofanya stima ikipotea. Picha safi tunayo tayari. Kinachotukosesha riziki ni waya.

Naandika nikiwa Hurlingham. Mtaa huu watu wanaujua kwa kliniki na maduka ya dawa ya barabara ya Argwings Kodhek, na kwa Yaya Centre hapo mbele. Lakini panda ngazi za hizi ghorofa, ingia kwenye bedsita na keja ambazo wasee watatu wanagawana kodi, utakuta ofisi ambazo hazina bango. Kuna dada anayenakili sauti za mikutano ya watu walio Marekani. Kuna jamaa anayehariri video za harusi. Kuna mwingine anajibu wateja wa kampuni ambayo hajawahi kuona mlango wake. Wengi wetu hatukumaliza chuo. Mimi niliondoka mwaka wa pili, karo na mimi hatukuelewana. Ofisi ni meza moja, na kitu kikubwa kuliko vyote juu ya hiyo meza ni skrini.

Sasa toa kilicho mfukoni mwako ukiangalie. Simu yako ina uwezo kuliko kompyuta nyingi zilizokuwa kwenye saiba ulizochapia CV yako ya kwanza. Kinachoizuia kuwa kompyuta ya kazi ni kioo kidogo na kukosa kibodi. Samsung walilionyesha hili mwaka wa 2017 walipoleta DeX pamoja na Galaxy S8: unachomeka simu kwenye monita, unapata meza ya kazi yenye madirisha kama ya kompyuta. Tangu 2023, iPhone 15 nayo inatoa picha kupitia tundu lake la USB-C.

Fikiria hiyo inamaanisha nini kwa kijana aliye na simu na hana pesa za laptopu. Angenunua monita, kibodi na mausi, achomeke waya mmoja, aanze kazi. Lakini simu nyingi za bei ya chini haziruhusu, na monita nyingi za bei ya chini hazina tundu la kuipokea hiyo simu. Mlango umefungwa pande zote mbili, na wewe umebaki katikati ukiambiwa ujitume.

Ndiyo maana ombi langu la kwanza ni USB-C kwenye kila monita, hata ile ya bei ya mwisho dukani. Hii si ndoto ya mwaka 2050. USB-C ilitolewa 2014, na mwaka huo huo ikapata njia ya kupitisha picha. Waya mmoja unaweza kubeba picha kuelekea kwenye monita, na umeme wa kuchaji simu au laptopu kurudi upande wa pili, pamoja na kibodi, mausi na hata intaneti ya kebo. Monita kama Dell U2723QE inafanya haya yote sasa hivi: inachaji laptopu kwa wati 90 na ina tundu la kebo ya intaneti. Shida ni kwamba bei yake ni ya ofisi za Upper Hill, si ya bedsita. Sisi tunataka ishuke ngazi.

Ombi la pili ni ukweli kwenye lebo. USB-C ina tabia ya ndugu mapacha: sura moja, uwezo tofauti. Unaweza kuwa na kebo mbili mkononi zinazofanana kabisa, moja inapitisha picha, nyingine inachaji tu. Hebu tupige hesabu. Picha ya kawaida ya pikseli 1920 kwa 1080, ikibadilika mara 60 kwa sekunde, ni kama gigabiti 3 kila sekunde. Ile ya 4K ni karibu gigabiti 12. Kebo ya chaja iliyotengenezwa kwa USB 2.0 mwisho wake ni megabiti 480, na zile nyaya za ndani ambazo picha hupitia hazimo kabisa. Utachomeka, utachomoa, utapuliza vumbi, utazima na kuwasha. Hakuna kitu. Wala si wewe uliyekosa akili, ni vile hakuna aliyeandika.

Hapa serikali ina kazi, na si kazi ngumu. Kanuni za 2016 za vifaa vya umeme ndizo zilizotuletea lebo ya nyota kwenye friji, ukiangalia unajua inakula stima kiasi gani. Kwa nini monita, kebo na simu zisibandikwe lebo inayosema kwa Kiswahili rahisi: tundu hili linapitisha picha, lile linachaji tu, na linachaji kwa wati ngapi? KEBS tayari wanakagua bidhaa zinazoingia nchini. Mstari mmoja kwenye boksi hautafilisi mtu.

Ombi la tatu ndilo linaloniwasha zaidi, kwa sababu linahusu giza. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukakaa gizani. Hiyo iliingia kwenye habari. Zile za mtaa wetu, za saa mbili leo na saa tatu kesho, haziingii popote, lakini mteja wako wa ng'ambo hajui Kenya Power ni nani. Anajua umechelewa tu. Laptopu ina betri, simu ina betri, hata rauta unaweza kuitafutia kibetri chake. Monita ndiyo inayozima ya kwanza, kwa sababu inataka stima ya ukutani na si kitu kingine.

Na haina haja kubwa hivyo. Monita ya kawaida ya inchi 24 hutumia kama wati 20. Pawabenki ya mAh 20,000 ina kama wati-saa 74 ndani yake. Gawanya, toa ule umeme unaopotea njiani, unabaki na karibu saa tatu. Saa tatu zinatosha kumaliza kazi na kuituma. Zile skrini ndogo za kubeba kwenye begi zinapokea umeme kupitia USB-C bila taabu. Na kiwango cha USB kilichotoka 2021 kinaruhusu hadi wati 240, mara 12 ya tunachohitaji. Kwa hivyo hakuna sababu ya kiufundi ya kuninyima monita ya mezani inayokubali pawabenki, ama betri ya sola. Weka tundu la pili la USB-C la kuingiza umeme, basi. Hilo tu.

Ombi la nne: tundu likiharibika, monita isife. Ukiongea na mafundi wa Luthuli watakwambia skrini huletwa ikiwa nzima kabisa, kioo safi, taa ziko sawa, lakini tundu limelegea kwa sababu ya kuchomekwa na kuchomolewa kila siku. Kama tundu limeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi kuu, hesabu ya kurekebisha inaanza kukaribia bei ya monita nyingine ya mtumba. Zikae kwenye kibodi kidogo chake, kinachofunguliwa kwa skrubu mbili, fundi abadilishe ukingoja.

Huko Ulaya wameliona. Tangu Machi 2021, sheria ya Umoja wa Ulaya inawataka watengenezaji wa skrini kuwa na vipuri kwa mafundi kwa angalau miaka saba baada ya modeli hiyo kuacha kuuzwa, na tundu za kuunganishia vifaa zimo kwenye orodha hiyo. Sisi tunaopokea monita hizo zikiwa zimezeeka, zile za 'ex-UK' zinazopangwa dukani kama magunia, ndio tunaohitaji vipuri kuliko mtu yeyote. Lakini sheria yenyewe inaishia mpakani mwao.

Ombi la tano ni la kuzuia. Msituwekee bongo ndani ya skrini. Siku hizi kuna monita 'smart' zenye programu za filamu, akaunti na masasisho. Nzuri mwaka wa kwanza. Halafu masasisho yanakoma, programu zinakataa kufunguka, na unabaki na kioo kizima chenye kichwa kilichochoka. Kumbuka 2015 tulipohamishwa kutoka analogi hadi dijitali. Wengi walichomeka kingamuzi na TV ya kichogo ikaendelea kufanya kazi sebuleni. Bongo ilikuwa nje, kwenye boksi, kwa hivyo ilibadilishwa bila kutupa TV. Kioo kinaweza kuishi miaka kumi, lakini bongo ya kompyuta hupitwa na wakati upesi. Usizifunge ndoa hizo mbili.

Najua majibu yenu. Wa kwanza atasema waya ni ushamba, kesho kila kitu kitapita hewani. Mwambie aje kwenye ghorofa moja hapa Hurlingham afungue orodha ya Wi-Fi kwenye simu ahesabu majina ya majirani. Kila rauta inagombania hewa ile ile. Kutuma picha ya skrini hewani ni sawa kwa kuonyesha video ya dakika mbili. Kwa kazi ya saa nane, mausi ikichelewa hata robo sekunde utajua hujui. Hewa iwepo kama msaada, waya uwe msingi.

Wa pili ni wasee wa gemu. Hizo picha 240 kwa sekunde ni zenu, sina ugomvi. Lakini anayeandika, anayenakili au anayejibu barua pepe akiuziwa hizo, analipia kasi asiyoitumia huku tundu analolihitaji halipo.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito. Atasema makampuni ya Korea, Taiwan na Uchina hayaamki asubuhi yakifikiria Hurlingham. Kweli. Lakini hayakuwa yakifikiria Gikomba pia, na bado tulipata mulika mwizi. Unaikumbuka? Ile simu ndogo yenye tochi kichwani. Nokia 1100 ilitoka 2003, ikiwa imetengenezewa watu wa nchi ambazo stima si ya kutegemea na vumbi ni la kila siku, ikauza zaidi ya milioni 200 duniani. Simu ya laini mbili ni hadithi hiyo hiyo. Watu walikuwa wakibeba laini za kampuni tofauti na kubadilisha kila wakipiga simu. Tecno na wenzao wakaleta simu za laini mbili, na Nokia wakazindua za kwao 2010. Leo karibu kila simu ni ya laini mbili na hakuna anayeiita simu ya maskini.

Vitu hivyo havikuja kwa huruma. Vilikuja kwa sababu wanunuzi walivipenda na kuacha vingine vikae rafuni. Nguvu hiyo tunayo, ila kwa monita hatujaanza kuitumia, kwa sababu bado tunauliza inchi.

Basi ukienda dukani mwisho wa mwezi, geuza hiyo monita kabla ya kutoa pesa. Uliza maswali matatu. Je, ina USB-C inayopitisha picha na kuchaji, na kwa wati ngapi? Umeme inaupata wapi, na chaja yake ikiungua nitapata nyingine mtaani? Tundu likilegea, fundi anaweza kulibadilisha peke yake? Beba simu yako na kebo yako, uchomeke pale pale ujionee. Muuzaji akikwambia "bosi, hiyo itafanya tu," mwambie afanye ukiona. Akishindwa, toka uingie la jirani. Wauzaji huagiza kile wanachoulizwa, na anayemuagizia naye husikia vivyo hivyo hadi kiwandani.

Taa za rangi mkitaka wekeni. Lakini kwanza tupeni tochi.