Kingereza cha Kila Siku: "Blessed" si "Blessé"

Sisi tuliosoma Kifaransa tunazani Kingereza ni ndugu yake tu. Ni ndugu kweli, lakini wakati mwingine anadanganya.

Tuseme umevuka Kasumbalesa, uko mu Zambia. Mwenzako anaangukiwa na jiwe, damu inatoka. Unakimbilia watu na kulia: "My brother is blessed!" Wengine watajibu "Amen", maana umesema ndugu yako amebarikiwa. Hawana roho mubaya. Wamesikia tu vile ulisema.

Useme hivi: "My brother is hurt. Please help us." Ndugu yangu ameumia, tafazali mutusaidie. Ao: "He is injured." Na hapo pia uchunge! "Injurier" ya Kifaransa ni kutukana, "injured" ya Kingereza ni kuumia. Mtu akikutukana ku soko, nawe uambie polisi "He injured me", polisi atatafuta kidonda ku mwili yako. Sema: "He insulted me."

Ku lopitali munganga atauliza: "Where does it hurt?" Ni kusema, wapi kunauma? Onyesha na kidole: "Here." Kama mgonjwa hasikii tena mguu: "He cannot feel his leg." Neno hili ni la lazima, musilisahau. Na munganga akisema "Sorry", usizani ameharibu kitu. Mu Zambia wanasema vile sawa sisi tunavyosema "pole".

Jioni musome kwa sauti, mtoto mmoja mgonjwa, mwingine munganga. Na baba pia, asione haya.