Soko na Sala



Katika mji wa Minneapolis, huko Marekani, liko soko la ghorofa liitwalo Karmel Mall. Wenye maduka humo wengi ni Wasomali, waliokimbia vita vilivyoiangusha serikali yao mwaka 1991, pamoja na wazao wao. Huuzwa humo abaya, mitandio, manukato, chai na sambusa; na ndani ya jengo lilo hilo umo msikiti. Mwaka 2023 baraza la mji liliruhusu adhana za nyakati zote tano kutolewa kwa vipaza sauti.

Watu hao walifika ugenini, na wana kodi ya pango ya kulipa. Lakini sala wameiweka karibu na mizani.

Je, sisi? Msikiti uko kila mtaa, na Ijumaa adhuhuri mizani za baadhi ya maduka zingali zapima. Amri ya kuacha biashara imo katika Suratul Jumua, na ruhusa ya kuirudia yafuata papo hapo. Nusu saa haimfilisi mtu.

Nawe mzazi umtumaye mtoto dukani saa hiyo, wajua ni nani umzuiaye? Ngoja sala ishe, kisha mtume.

Wabillahi taufiq.