Anayerudi Kwenye Pikipiki Arudi Kwanza Darasani

Yapo mazungumzo ambayo siku hizi hayakosekani katika vyumba vya walimu huku kwetu, tangu Sigalame hadi Malaba. Mwalimu aliyetimiza umri wa miaka arubaini na ushei, ambaye watoto wake wamekua na mkopo wake wa chama cha ushirika umekaribia kwisha, huwatangazia wenzake kwamba anatafuta pikipiki. Si ya kubebea abiria, la; ni yake mwenyewe. Aliendesha alipokuwa kijana, akaacha alipopata jamaa, na sasa anaona kuwa wakati wa kurudia umewadia. Nami ni mmoja wao. Nina miaka 47, na nayaandika haya kwa sababu nilikaribia kutenda kosa ambalo naamini wengi wetu tunalitenda: nilitaka kumnunulia pikipiki kijana niliyekuwa, badala ya mtu mzima niliye.

Sehemu hii ya nchi ina haki ya kulizungumzia jambo hili kuliko nyingine. Neno bodaboda, ambalo leo linatumika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, lilizaliwa hapa mpakani. Katika miaka ya 1960 na 1970, vijana wenye baiskeli waliwavusha wasafiri na mizigo yao kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, huku wakiita "boda, boda", yaani mpakani, mpakani. Ni neno la uradidi kama pikipiki lenyewe, ambalo ni tanakali ya mlio wa injini. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilipoziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki zenye injini ya chini ya sentimita 250 za ujazo, baiskeli zilianza kuzipisha pikipiki. Kwa hiyo mtu wa Busia hawezi kudai kwamba hana wa kumwuliza kuhusu chombo hiki. Ajabu ni kwamba msomi anapokwenda kununua chake, mtu wa mwisho kuulizwa ni yule kijana anayekiendesha kuanzia alfajiri hadi usiku.

Pikipiki inayowavutia watu wa rika langu si Boxer na TVS tunazozipanda kila siku. Ni ile aina ambayo Waingereza huiita kruza: kiti kiko chini, usukani umeinuka na kurudi nyuma kumlaki mwendeshaji, miguu hunyooshwa mbele, na injini hunguruma polepole kama mzee anayekohoa kabla ya kutoa neno. Jina lenyewe Waingereza walilikopa kwa Waholanzi, kutokana na kitenzi chenye maana ya kuvuka huku na huko. Lilikuwa la merikebu baharini kabla ya kuwa la barabarani. Zipo kubwa kama Harley-Davidson Sportster ya sisi 883, yenye uzito wa kilo 250 hivi. Zipo pia ndogo kama Honda Rebel 250, iliyotolewa mwaka 1985, na Yamaha Virago 250, iliyofuata mwaka 1988, ambazo hazizidi sana kilo 150. Mafundi wetu wanapotaja sentimita za ujazo husema "sisi", na mwanafunzi wa sarufi asidhani hicho ni kiwakilishi cha nafsi.

Kruza yangu niliipata kwa dalali mmoja mpakani. Ilikuwa nyeusi, ya sisi 800, na bei yake ilikuwa nafuu mno, jambo ambalo lingenitia shaka kama macho yangu hayangekuwa yameshanunua kabla ya akili. Niliomba kuijaribu hadi nyumbani, naye dalali akanifuata kwa bodaboda. Sikuvaa kofia ya usalama. Nilijiambia kuwa si mbali. Kwenye lami ilinichukua kama maji ya mto, nikajiona nina miaka 20. Nilipoingia njia ya murram inayoelekea kwetu Sigalame, mvua ya usiku ilikuwa imeacha utelezi. Nikitaka kukata kona kwa mwendo wa mtu anayetembea, nilikamata breki ya mbele usukani ukiwa umepinda. Pikipiki ikalala, nami nikalala nayo, mguu chini ya bomba la moshi lenye moto.

Vijana wawili wa bodaboda waliiinua, kwani mimi peke yangu nisingeweza. "Pole, mwalimu," mmoja aliniambia huku akinipangusa tope. "Hii ni ya lami. Na breki ya mbele usiiguse ukiwa umekata kona." Kijana huyo alikuwa na umri wa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, na katika sentensi hizo tatu alinifundisha zaidi ya nilivyojifunza kwa miezi mitatu ya kutazama picha za pikipiki. Kovu ninalo bado kwenye muundi.

Katika taaluma ya isimu tunalijua linalompata mtu anayerudia lugha aliyoiacha kwa miaka mingi. Masikio hurudi upesi, ulimi huchelewa. Kwa kuwa anaelewa anayoambiwa, hudhani kwamba angali msemaji, hadi atakapofungua kinywa mbele ya watu. Pikipiki nayo ni vivyo hivyo. Nilikumbuka klachi iko mkono gani na gia ya kwanza inakanyagwa upande upi. Lakini vidole vyangu vilikuwa na sarufi ya pikipiki ndogo ya sisi 100 niliyoiendesha mwishoni mwa miaka ya 1990, ambayo breki yake ya mbele ilikuwa dhaifu kiasi kwamba ukiibana kwa hasira haikudhuru. Kruza ile ilikuwa na breki ya diski, nayo hutii mara moja. Kumbukumbu yangu haikuwa imepotea. Ilikuwa ya chombo kingine.

Hili si la Sigalame pekee. Nchini Marekani, ambako watu wa makamo wengi walirudia pikipiki walipopata fedha na nafasi, takwimu za serikali za mwaka 2016 zilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya waendeshaji waliofariki walikuwa na umri wa miaka 40 na zaidi. Tena katika utafiti mashuhuri ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, ambao ulitolewa mwaka 1981 baada ya kuchunguza ajali zipatazo 900, ilibainika kuwa asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa wamejifunza wenyewe, au wamefundishwa na ndugu na marafiki. Sisi walimu tuitazame tarakimu hiyo kwa makini. Tunaposema kwamba elimu ya kubahatisha haifai darasani, kwa nini tunaikubali barabarani?

Basi mtu wa makamo achague vipi? Aanze na safari zake, si na ndoto zake. Anayeishi kando ya barabara ya lami, ambaye kila siku huenda kazini kati ya Busia na Malaba na kurudi, anaweza kufaidika na kruza ndogo. Kiti chake cha chini humwezesha kukanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili anaposimama, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu ambaye magoti yake hayamtii tena. Lakini ajue kasoro zake. Miguu inaponyooshwa mbele, mwendeshaji hawezi kujiinua kidogo kwenye kiti anapopita shimo, hivyo uti wa mgongo ndio unaopokea pigo lote. Na kwa kuwa tumbo la chombo liko karibu na ardhi, mawe na matuta ya njia zetu za ndani hulikwaruza. Anayeishi mwisho wa njia ya murram, kama mimi, ni heri achague pikipiki ya kawaida, nyepesi na iliyoinuka. Kipimo changu ni chepesi: ikiwa huwezi kuisukuma kinyumenyume kwenye mteremko mdogo, au kuiinua ikilala, si yako.

Pikipiki ya mkono wa pili ni matini, na anayejua kusoma hadanganywi kwa urahisi. Fika kwa muuzaji asubuhi, uiguse injini kabla haijawashwa. Ukiikuta ina joto, huenda imewashwa mapema ili usijue jinsi inavyosumbua ikiwa baridi. Tazama moshi: wa samawati unakuambia kwamba inaunguza oili. Kagua mirija ya shokoabsoba za mbele kama ina mafuta yanayovuja, na mnyororo kama umelegea na meno ya sproketi yamechongoka. Mulika tangi ndani uone kutu, hasa kama chombo kilikaa muda mrefu bila kutumiwa, kwani uchafu huo huishia kwenye kabureta. Ubavuni mwa tairi soma tarakimu nne za mwisho za namba ya utengenezaji: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa limezeeka na kukauka. Usione haya kumlipa fundi akusindikize; ada yake ni ndogo kuliko majuto.

Yako maandishi mengine yanayohitaji kusomwa, nayo ni hati. Hapa mpakani kishawishi ni kikubwa, kwani pikipiki huvuka kama wanavyovuka watu. Tangu Februari 2018, Kituo cha Pamoja cha Mpakani cha Busia kilipozinduliwa rasmi, shughuli za forodha zimerahisishwa, wala hakuna sababu ya kupitia njia za panya. Pikipiki yenye usajili wa Uganda si ya Kenya kwa sababu tu imelazwa upande huu. Ushuru usipolipwa, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu chombo kukamatwa, na mkopo wako utaendelea kukatwa kwenye mshahara huku pikipiki ikiota kutu kwenye ua wa serikali. Iliyosajiliwa Kenya nayo itafutwe kwenye kumbukumbu za mamlaka ya usafiri, NTSA, kabla ya kutoa hata shilingi moja, na namba ya chasisi ilinganishwe na ile ya logibuku, tarakimu kwa tarakimu. Baada ya kuanguka kwangu ndipo nilipoomba kuona logibuku ya ile kruza nyeusi. Nilipewa nakala, na namba zake hazikulingana na zile za chumani. Hivyo anguko lile liliniokoa na shimo lililo refu zaidi.

Najua watakuwapo wa kunipinga. Watasema kwamba kurudi katika shule ya udereva ni kupoteza fedha kwa mtu aliyewahi kuendesha, na kwamba vijana wengi wa bodaboda hawakupita huko na wanaishi. Kwa la kwanza nasema hivi: gharama ya masomo hayo ni ndogo ukiilinganisha na wiki moja ya kulazwa hospitalini. Kwa la pili, tuwaulize walio katika wadi za mifupa. Tena vijana hao wana mazoezi ya kila siku ambayo sisi hatuna. Watasema pia kuwa kofia ya usalama ina joto. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa kofia hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42, na ya majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Kwa mtu ambaye riziki yake iko kichwani, hiyo ni hesabu isiyohitaji mjadala.

Nilirudi darasani. Nilikaa miongoni mwa vijana wa miaka 19, nikaanguka mbele yao mara moja zaidi, nikapata leseni ya kundi la pikipiki. Kisha nikanunua pikipiki ya kawaida ya sisi 150 kutoka kwa mtumishi mmoja wa afya aliyestaafu, hati zake zikiwa kamili. Haigeuzi shingo za watu sokoni. Hunifikisha.

Jambo la mwisho lawahusu wanafunzi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Siku niliyoanguka, watoto wa shule walikuwa wakipita wakielekea masomoni. Walimwona mwalimu bila kofia, bila koti la kuakisi mwanga, juu ya chombo asichokimudu. Somo hilo walilielewa bila kuelezwa. Baadhi yao watakuwa kwenye pikipiki kabla ya kumaliza kidato cha nne, wengine wakiwa abiria watatu nyuma ya mwendeshaji mmoja, ilhali Sheria ya Trafiki inaruhusu mmoja tu. Hatuwezi kuwakanya kwa mdomo huku tukiwafundisha kinyume kwa mwenendo. Mwalimu anayetaka kurudia pikipiki na airudie, kwani raha yake ni ya kweli na haina dhambi. Lakini apite darasani kwanza, avae kofia hata kama anakwenda dukani tu, na anunue kile ambacho magoti yake, njia yake na hati zake vinakikubali. Wanaomtazama ni wengi kuliko anavyodhani.