Mapumziko ya Mfanyakazi wa Reli ni Usalama wa Umma

Msafiri akatapo tikiti yake na kupanda behewa, hamjui dereva wa treni ile, wala hamjui mtoa ishara wa stesheni ijayo, wala fundi aliyetengeneza nyaya usiku wa kuamkia jana. Yeye huketi, humfunika mtoto wake khanga, akalala. Hulala kwa sababu anaamini kwamba wale asiowajua wako macho. Amana hiyo ni kubwa kuliko mizigo yote iliyomo garini, na leo twataka kuuliza ni nani anayeilinda.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1892 huko Uingereza, karibu na mji wa Thirsk, mtoa ishara mmoja alikuwa amekesha akimwuguza mtoto wake mchanga, na mtoto yule akafariki. Baba alimwendea stesheni masta akamwambia kwamba hawezi kazi usiku ule. Mtu wa kushika nafasi yake hakuletwa. Basi akaingia zamu, akashikwa na usingizi, na alipozinduka alikuwa amesahau kwamba treni ya mizigo imesimama katika njia yake. Akairuhusu treni ya abiria kupita, na watu 10 wakapoteza maisha. Mahakama ilimwona mtu yule ana hatia, lakini haikuwa na moyo wa kumwadhibu, ikamwacha aende zake. Mwaka uliofuata, 1893, Bunge la huko lilipitisha sheria juu ya saa za kazi za watumishi wa reli.

Mtu angedhani kwamba somo hilo lilitosha. Halikutosha. Tarehe 12 Desemba 1988, asubuhi watu wakienda makazini, treni tatu ziligongana karibu na stesheni ya Clapham Junction mjini London, na watu 35 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba fundi wa ishara aliuacha waya wa zamani bila kuukata na bila kuufunga kando. Waya ule ukagusa mahali pake pa zamani, na taa ikaonyesha njia ni nyeupe hali treni nyingine ilikuwa mbele. Nani alikuwa fundi yule? Hakuwa mlevi, wala mvivu, wala mgeni wa kazi. Alikuwa mtu aliyepata siku moja tu ya kupumzika katika majuma 13. Wala hapakuwa na mtu wa pili aliyekuja kuikagua kazi yake na kuhesabu nyaya, ingawa ilipasa awepo.

Baada ya msiba ule, ripoti ya mwaka 1989 ilizaa mipaka kwa wafanyakazi wa kazi za hatari relini: zamu moja isizidi saa 12, kati ya zamu na zamu zipite saa 12, juma lisizidi saa 72, na katika siku 14 mtu asifanye kazi zaidi ya zamu 13. Ukiitazama mipaka hiyo utaona kwamba bado ni mizito. Lakini ilithibitisha neno moja kubwa: kwamba uchovu si aibu ya mtu mmoja, bali ni hatari inayotengenezwa ofisini na yule anayepanga zamu.

Tena hesabu ya saa peke yake haitoshi. Tarehe 1 Desemba 2013, asubuhi, treni ya abiria huko New York iliingia katika kona kwa mwendo wa kilomita zipatazo 132 kwa saa, mahali palipotakiwa 48. Watu 4 wakafa. Dereva alikuwa amesinzia. Uchunguzi uligundua kwamba majuma kama mawili kabla alikuwa amehamishwa kutoka zamu ya mchana kwenda zamu ya alfajiri, na kwamba alikuwa na ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini ambao hakuna daktari aliyekuwa ameutambua. Mwili wa binadamu una saa yake. Kati ya saa nane usiku na mapambazuko, saa hiyo humwambia lala, hata kama karatasi ya zamu inamwambia endesha. Wataalamu wamepima wakaona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hutenda kazi kama mtu aliyekunywa pombe. Mlevi twamzuia getini, lakini mchovu twamshukuru kwa moyo wake wa kujitolea!

Tugeuke sasa kwetu. Nchi hii ina Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina TAZARA yenye kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, na tangu mwaka 2024 treni za umeme zinakwenda kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Kadiri mwendo unavyoongezeka, ndivyo nafasi ya kusahihisha kosa inavyopungua. Mtu aliyesinzia kwa nukta chache katika treni iendayo kilomita 160 kwa saa amekwisha pita zaidi ya urefu wa kiwanja cha mpira kabla hajafumbua jicho.

Sheria tunayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku wala saa 45 kwa juma. Pamoja na ovataimu, siku isizidi saa 12. Ovataimu yenyewe isizidi saa 50 katika majuma manne, na iwe kwa makubaliano. Inasema mtu apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kutoka na kurudi kazini, na saa 24 kila juma. Kwa kazi ya dharura sheria imeacha mlango wazi, na ni haki, maana daraja likisombwa na mafuriko haliwezi kungoja Jumatatu. Lakini dharura inayorudi kila juma si dharura tena. Hiyo ni upungufu wa watu uliovishwa jina lingine.

Hapa twataka kusema neno ambalo huenda likawachoma baadhi ya wafanyakazi wenzetu. Wako wanaoitafuta ovataimu wao wenyewe, na wako wanaonung'unika wakipangiwa siku ya kupumzika. Hatuwalaumu kwa haraka. Mwenye watoto wanne shuleni hapumziki kwa raha hali ada haijalipwa. Wafanyakazi wa reli wa Tanganyika waligoma mwaka 1960 kudai mishahara bora, na madai ya mshahara na madai ya saa ni ndugu wa tumbo moja. Mshahara usiotosha humlazimisha mtu kuuza usingizi wake, na usingizi ule si wake peke yake. Ni wa abiria mia kadhaa walio nyuma yake. Kwa hiyo chama cha wafanyakazi kinachopigania ovataimu zaidi badala ya mshahara unaotosha kwa saa za halali kimekubali bei mbaya.

Basi twashauri haya. Kwanza, mpanga zamu aweke daftari la saa za kila mtu, na daftari hilo lionekane na wafanyakazi wenyewe. Pili, mtu asitolewe zamu ya mchana akatupwa zamu ya usiku bila siku za kuzoea. Tatu, nyumba za kupumzikia madereva na magadi ziwe na kitanda safi, maji, na ukimya. Kulala penye kelele si kulala. Nne, madereva wapimwe magonjwa ya usingizi kama wanavyopimwa macho. Tano, na hili ndilo kubwa, mfanyakazi asemaye "Bwana mkubwa, leo siwezi, nimechoka" asiadhibiwe wala asiitwe mvivu. Naye asiitumie ruhusa hiyo kwa hila, maana atakuwa anaibomoa ngao ya wenzake.

Ajali ikitokea, ni rahisi kumshika dereva, kumpeleka mahakamani na kufunga jalada. Twaomba tume yo yote itakayokaa iulize kwanza maswali mawili: mtu huyu alilala lini, na ni nani aliyejua kwamba hakulala? Stesheni masta wa mwaka 1892 aliambiwa. Mtu anayeambiwa leo ana wajibu ule ule.