Kufanana si Undugu

Wako walimu wanaofundisha kwamba lugha zenye muundo unaofanana ni za ukoo mmoja. Sisi hatukubali. Kizulu na Kimongolia ni lugha zinazounda maneno kwa kuambatanisha viambishi, lakini hazina undugu uliothibitishwa. Kizulu hutenga umoja na wingi mwanzoni: umuntu, abantu. Kimongolia huongeza mwishoni, irabu ikifuata ya mzizi: ger (nyumba), gerees (kutoka nyumbani), nom (kitabu), nomoos (kutoka kitabuni). Undugu huthibitishwa na sauti zinazolingana kwa kanuni, kama Kizulu na Kiswahili: thathu, tatu, thuma, tuma. Mwalimu aandike mifano hii ubaoni, wanafunzi waigundue kanuni wenyewe. Anayekariri majina ya koo husahau. Anayepima ushahidi ameelimika.