Gurudumu Linalolia Lisipakiwe Watu

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu huamka kabla ya mapambazuko, tukapanda lori la kwenda shambani au kiwandani, wala hatuulizi lori hilo jana lilikuwa wapi. Pengine lilikuwa gereji, likifungwa lainingi mpya za breki. Asubuhi linatoka, na likishika kasi magurudumu ya nyuma yanaanza kulia, mlio mwembamba wa kuvuma ambao juzi haukuwapo. Dereva akisema, nyapara humjibu: "Endesha tu, litazoea."

Sisi wa tawi la madereva na mafundi tumechoka na neno hilo. Ni kweli kwamba lainingi mpya hukwaruza kidogo mpaka zikae sawa na dramu. Lakini sauti hiyo hupungua siku hadi siku. Mlio unaopanda pamoja na mwendo na usiopungua ni jambo jingine, na ukiwa umeanza siku ileile breki zilipofunguliwa, wa kwanza kushukiwa ni kazi ya gereji. Twasema hivyo ingawa mafundi ni wanachama wenzetu, na twajua kwamba fundi aliyeamriwa kutoa malori matatu kabla ya alfajiri hana nafasi ya kulijaribu hata moja.

Mara nyingi kosa ni dogo. Viatu vya breki vimekazwa mno na havijiachii, au kebo ya hendibreki imevutwa kupita kiasi, au springi ya kurudisha viatu imefungwa mahali pasipo pake. Wakati mwingine bati lililo nyuma ya dramu limepindwa kwa nyundo wakati wa kung'oa, sasa linagusa dramu. Kubwa zaidi ni beringi. Katika malori mengi habu huvutwa pamoja na dramu, na ikirudishwa, nati ya beringi haina budi kukazwa huku gurudumu likizungushwa, kisha kulegezwa kwa kipimo cha kitabu cha mtengenezaji na kufungwa isifunguke. Ikikazwa mno beringi hulia na kuungua. Ikilegea, gurudumu hucheza, sili huharibika, na grisi au mafuta hufika kwenye lainingi. Hapo breki ya upande huo haishiki tena. Tena hafushafti ikitolewa, mafuta ya difu huweza kumwagika. Asipokuwapo wa kuyaongeza, difu yenyewe itaanza kulia.

Kutambua hakuhitaji mashine za mjini. Lori likiwa tupu, dereva alitembeze barabara tambarare kama kilomita kumi bila kushika breki sana. Akigusa pedali kidogo na mlio ukabadilika au ukakoma, chanzo ni breki. Ukibadilika anapokata kona, atazame beringi. Ukibadilika anapokanyaga mafuta na anapoyaachia, aangalie difu. Akisimama, asogeze kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa: iliyo na moto kuliko mwenzake ndiyo inayokwama. Kisha lori lipigwe jeki, magurudumu ya mbele yakiwa yamewekewa vigingi na ekseli imekalia stendi imara, gia ikiwa huru na hendibreki imeachiliwa, na gurudumu lizungushwe kwa mkono. Asiingie mtu chini ya lori linaloshikwa na jeki peke yake. Na vumbi la ndani ya dramu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, maana lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na asbesto huua mapafu polepole. Lipanguswe kwa kitambaa chenye maji.

Kazi yote hiyo ni ya asubuhi moja. Breki inayokwama hupasha moto beringi na mafuta ya breki, na mafuta hayo yakichemka pedali huzama mpaka chini. Likitokea hilo kwenye mteremko, lori limejaa wachuma chai, nyapara aliyesema "litazoea" hayumo garini.

Tena dereva ndiye hukatwa mshahara! Beringi ikivunjika huambiwa ameendesha vibaya, naye hana karatasi ya kuonyesha kwamba alitoa taarifa. Wengine wetu tumenyamaza kwa kuogopa kukosa zamu, na tukiri kwamba ukimya huo ndio uliomzoesha nyapara.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejitoa kwenye kazi kwa sababu za haki za kuamini kwamba kuna hatari kubwa iliyo karibu, alindwe asipatwe na madhara. Mwaka 2022 mkataba huo uliwekwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya Shirika hilo. Kwa hiyo dereva anayekataa kupakia watu si mkaidi.

Twataka mambo mawili. Kila lori liwe na daftari, dereva aandike alichosikia, fundi aandike alichofanya, wote watie sahihi. Na lori lililofunguliwa breki lijaribiwe tupu kabla ya kupakia watu, saa hizo zihesabiwe kuwa saa za kazi. Tumeyapeleka hayo kwa meneja kwa maandishi. Mpaka tunaandika haya hajajibu, na daftari tumelinunua wenyewe.