Masika ya Mpanda, theluji ya Minneapolis

Nimepotea kidogo. Majaribio ya katikati ya muhula yalinibana na bumu nalo likachelewa, na mwanafunzi yeyote anajua mambo hayo mawili yakikutana inakuwaje. Leo nina hoja moja inanisumbua kichwani, naomba mnivumilie.

Hapa hosteli tuna ubishi usioisha kuhusu maisha ya Ulaya na Marekani. Kila ukianza lazima atokee mtu aseme, "Kule baridi itakuua, sisi watu wa jua hatuwezi." Mimi natoka Mpanda. Nikisikia hivyo huwa nacheka, maana sisi wa Katavi tunao msimu wetu wa karibu miezi sita unaofungia watu majumbani, sema tu haujapewa sifa. Unaitwa masika.

Basi nikaanza kusoma habari za mji mmoja wa baridi ambao Waswahili wenzetu wapo wengi: Minneapolis, jimbo la Minnesota, kaskazini ya Marekani. Kuna Wakenya wengi sana pale na kwenye vitongoji vyake kama Brooklyn Park, kuna Wasomali, kuna Wakongo waliofika kama wakimbizi. Watu waliozaliwa Kisii au Bukavu leo wanakoroga ugali huku nje theluji imefika magotini. Nilitaka kujua wanawezaje.

Jamani, msimu wao ni mrefu kweli. Kwa kawaida theluji inaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Hiyo ni miezi sita, sawasawa na masika yetu! Na haitabiriki hata kidogo. Mwaka 1991 dhoruba ilianza tarehe 31 Oktoba, na ilipokwisha Novemba 3 ilikuwa imeacha theluji ya kina cha sentimita 72. Mwaka 2018 watu wakiwa wanasubiri maua, katikati ya Aprili wakapigwa na theluji ya karibu sentimita 40. Msimu wa 2022/23 zilianguka jumla ya sentimita zaidi ya 220, msimu uliofuata kama 75 tu. Tarehe 30 Januari 2019 baridi ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri. Friza ya bucha haifiki huko!

Lakini kilichonigusa zaidi ni jinsi walivyojipanga. Wale watu hawajui theluji itaanguka lini wala kiasi gani, ila wanajua kwa hakika kwamba itaanguka. Kwa hiyo kila kitu kimeamuliwa mapema. Ikianguka nyingi, jiji linatangaza dharura ya theluji na kila mkazi anajua siku ya kwanza asiegeshe gari mtaa gani, siku ya pili mtaa gani, ili magari ya kusafisha yapite. Mwenye nyumba anapewa saa 24 kusafisha njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba yake. Katikati ya mji kuna vivuko vilivyofunikwa vinavyounganisha majengo kwa juu. Cha kwanza kilijengwa 1962, na sasa mtandao wote una urefu wa kama kilomita 15. Shule nazo zina utaratibu. Sheria ya Minnesota inaruhusu hadi siku tano kwa mwaka ambazo wanafunzi wanasomea nyumbani hali ya hewa ikiwa mbaya, na siku hizo zinahesabika kuwa za masomo. Ile Januari 2019 shule za umma za jiji zilifungwa siku kadhaa, na hakuna mtoto aliyeambiwa ni mvivu.

Mgeni naye hatupwi. Akifika anakuta waliomtangulia, wanamwambia vaa nguo nyingi nyepesi badala ya moja nzito, weka blanketi na koleo kwenye gari, usitoke na nywele mbichi. Anafundwa, bwana.

Sasa turudi kwetu Katavi.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa msimu huo kila mwaka kabla haujaanza, na Katavi inatajwa kwa jina pamoja na Kigoma, Tabora, Rukwa na wenzao. Ni kweli kwamba haitabiriki siku kwa siku. Mwaka mwingine inachelewa mpaka watu wanapanda mahindi mara mbili, mwaka mwingine inanyesha wiki mbili halafu inakata Januari nzima. Miaka ya El Nino, kama 1997/98 na 2023/24, ndiyo usiseme. Lakini kuja, inakuja. Bibi yangu hajawahi kuona mwaka ambao masika hayakuja kabisa.

Pamoja na hayo, kila mwaka tunashangaa. Kila Desemba unasikia, "Mwaka huu mvua imetukamata." Imetukamata vipi wakati ilitoa taarifa?

Nakubali kuna hatua zimepigwa. Zamani masika yakikolea, safari ya Tabora kwa barabara ilikuwa bahati nasibu, na wengi tulitegemea treni ile ya Kaliua. Sasa lami ya Tabora–Koga–Mpanda ipo, ilizinduliwa 2022. Lakini mtoto wa shule hapiti kwenye lami. Anapita njia ya mashambani, anavuka kijito ambacho Septemba ni mchanga mtupu na Februari ni mto wenye sauti.

Na kalenda ya shule inaanza lini? Januari! Muhula wa kwanza karibu wote uko ndani ya mvua. Hebu fikiria hili: kule Hifadhi ya Taifa ya Katavi kambi nyingi za watalii hufungwa miezi ya mvua kubwa kwa sababu njia hazipitiki. Mtalii mwenye gari la kupanda milima anaambiwa aje Juni. Mtoto wa darasa la kwanza mwenye kandambili anaambiwa Januari bila kukosa.

Nilisoma shule ya msingi huko huko, shule yenyewe sitaitaja. Tulikuwa tunasubiri maji ya kijito yapungue, tukifika saa tatu tunapokelewa na fimbo za uchelewaji. Kuna wenzangu waliona bora wasije kabisa mpaka Aprili, na wasichana wawili ninaowakumbuka hawakurudi tena. Mtoto wa namna hiyo akifeli tunasema wazazi wa vijijini hawajali elimu. Kwa kweli inauma.

Najua kuna atakayeniambia, "Dada, Marekani wana hela, sisi hatuna." Sawa, vivuko vya kilomita 15 hatuwezi. Wengine watasema kalenda ihamishwe, tusome kiangazi. Hilo nalo ni gumu, mitihani ya darasa la saba na kidato cha nne ni ya nchi nzima. Mimi siombi vyote hivyo. Nasema msimu unaokuja kila mwaka usihesabiwe kama ajali, na mengi ya kufanya hayahitaji mfadhili.

Kwanza, kila shule ikae Oktoba, vumbi likiwa bado lipo, iorodheshe nani anavuka wapi. Darasa zima linaweza kuchora ramani hiyo katika somo la jiografia, na watoto ndio wanaojua vijito kuliko mwalimu mkuu.

Pili, ijulikane mapema kwamba maji yakifika alama fulani, mti au jiwe, mtoto asivuke, na siku hiyo asiandikwe mtoro wala kuchapwa. Mto ukijaa, fimbo inamfundisha mtoto kitu kimoja tu: ahatarishe maisha yake ili awahi namba.

Tatu, kazi za masika. Kabla ya mvua kubwa kila mwanafunzi awe na mazoezi ya wiki mbili kwenye daftari lake, ya kufanya siku akikwama nyumbani. Hakuna intaneti inayohitajika hapo. Ni chaki, ubao na mwalimu aliyepanga.

Nne, vivuko. Jirani zetu wa Kigoma, TARURA imejenga madaraja ya mawe kwa mawe ya hapo hapo, na gharama yake ni ndogo kuliko ya zege. Mawe Katavi hatujakosa. Na pale daraja halijafika, msaragambo wa kuweka magogo imara na kuzibua mitaro ufanyike mwezi wa kumi. Mkazi wa Minneapolis anasafisha mbele ya nyumba yake ndani ya saa 24, sisi tunashindwa siku moja kwa mwaka?

Tano, mwalimu mgeni afundwe. Mwakani au mwaka unaofuata baadhi yetu tunaosoma ualimu tutapangiwa vituo Mwese, Mishamo, Karema. Mtu ametoka Dar es Salaam na viatu vya ngozi, anashushwa Mpanda Januari, hakuna wa kumwambia anunue buti za mvua, ahifadhi unga na mafuta ya kutosha, aulize wenyeji njia ya juu ni ipi. Baada ya miezi miwili anaanza kutafuta uhamisho. Tunamwita mlegevu, kumbe hakuna aliyempokea kama Mkenya anavyopokewa kule kwenye theluji.

Nikipangiwa kwetu nitaanza na ile ramani ya vijito, hata kama ni kwa darasa langu peke yake. Wenzangu wa Sikonge, Uvinza na Sumbawanga, ambao mvua zetu ni zile zile, kwenu mnafanyaje?

Nawasilisha.